Mlolongo wa Kapsomei

Saa nne asubuhi, mlolongo wa Mwenyekiti wa bodi, Eliakim, ulikuwa umetoka lango la Hospitali ya Wakulima ya Kapsomei, ukazunguka tangi la maji, ukaingia mpaka katikati ya majani chai. Nyuma ya mkurugenzi, Madam Moureen Nyabate, hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kuku mmoja, na hata huyo alikuwa anapita tu.

"Dakika kumi!" karani wa bodi aliita kwa kipaza sauti. "Anayetaka mkurugenzi aende, asimame kwa Mwenyekiti. Anayetaka abaki, asimame kwa Madam. Na ukishasimama usitoke mpaka nikuhesabu. Ukitoka, nakata jina!"

Mlolongo wenyewe Moureen ndiye aliuomba. Bodi ilikuwa imeleta sanduku la kura, yeye akalikataa. Sanduku lingejazwa kabla ya kifungua kinywa, lakini nani angeiba watu wazima wakiwa wamesimama juani?

Na hao watu aliwajua. Alipofika kutoka Nyamira miezi kumi na moja iliyopita, popo walikuwa wanalala kwa wodi ya wazazi na wazazi wanalala kwa sakafu. Alifukuza popo. Alifufua jenereta. Daktari wa zamu, Moureen alimfuata mpaka baa, akamtoa na chupa yake mkononi, watu wakipiga makofi. Kisha akagundua mitungi ya oksijeni ilikuwa inatoka stoo ikiwa imejaa, inaenda kliniki ya Mwenyekiti kule Sotik, inarudi tupu. Alibadilisha kufuli, ufunguo akaufunga kwa kamba, akauvaa shingoni. Tangu siku hiyo wodi ya watoto haikuwa imetoa jeneza. Akina mama walimletea maziwa ya mursik na ndizi, wakamshika mikono yote miwili. Alidhani watasimama kwake.

Alichosahau, na yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa chai, ni kwamba karani anayehesabu watu leo ndiye anapima majani kesho kwenye kituo cha chai. Ukisimama vibaya, kesho anafungua gunia lako, anashika jani moja, analivunja kwa vidole, anasema hili ni gumu, rudi nayo nyumbani. Na kesho kutwa vile vile. Na mwaka ujao.

Kwenye mlolongo alimwona Janefer, mtoto mgongoni. Wiki tatu zilizopita mtoto huyo alikuwa ameingia akiwa na midomo ya buluu.

"Janefer. Vinny anaendelea aje?"

"Ako sawa, Madam." Janefer alivuta leso akamfunika mtoto uso. "Nisamehe. Niko na majani kwa shamba."

"Madam!" kijana mmoja alipiga kelele. "Gari ya kwenu Nyamira bado iko na nafasi moja mbele!"

Mlolongo ulicheka. Ndio wakati Kipkosgei, askari wa lango, alivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti chake, akatembea taratibu mpaka nyuma ya Moureen. Akasimama wima kama amepigiwa wimbo wa taifa.

"Mzee, rudi," Moureen alinong'ona.

"Miaka kumi na mbili nimefungulia hiyo mitungi lango, madam. Nafungua, napiga saluti. Mtoto wa ndugu yangu alikata roho hapo ndani nikiwa nimepiga saluti." Alikohoa. "Leo mkono umechoka."

Mwenyekiti Eliakim alikuja polepole, mwavuli mkononi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Kipkosgei. Wewe ni mzee wetu. Unasimamia mgeni?"

"Nasimamia hewa, Mwenyekiti."

Eliakim aliangalia saa yake. "Vijana, msaidieni mzee arudi kwa laini."

Wanne walikuja. Wa kwanza alimshika mkono kwa heshima kabisa, akamwita babu kwa lugha yao, "Twende, kuka." Kipkosgei hakusonga. Wa pili alimpiga rungu gotini. Mzee alishuka upande mmoja, akajaribu kusimama tena, akapigwa begani, kisha mdomoni, na jino likaruka likatua kwa kiatu cha Moureen. Moureen alimlalia kumkinga. Kofi lilimgeuza kichwa. Mkono mwingine uliingia kwa kola, ukashika kamba ya ufunguo, ukavuta. Kamba ilikata ngozi kabla ya kukatika, naye akaanguka kando.

"Chukua!" mtu alisema, na pikapu ya Mwenyekiti iliyokuwa langoni ikaanza kurudi nyuma kuelekea stoo.

Alipoinua kichwa, mmoja wao alikuwa anaruka na gambuti zote mbili juu ya kifua cha mzee. Mbavu zilivunjika kwa sauti ya matawi ya chai siku ya kupogoa. Aliruka tena. Watu wa mlolongo walitazama. Mama mmoja alilia kwa nguvu, lakini alilia akiwa kwa nafasi yake.

Moureen na Marcella, nesi wa zamu, walimburuta Kipkosgei kwa koti lake mpaka ndani. Nyuma yao saruji ilibaki na mstari mwekundu.

"Mtungi, Marcella! Kimbia!"

Marcella alikimbia, akarudi na mikono mitupu. "Stoo iko wazi, madam. Imebaki alama tu, za duara, kwa vumbi."

Alikuwa amebeba kile kifuko cha mpira cha kupumulishia kwa mkono. Moureen alikibandika usoni mwa mzee, akaanza kukamua. Kamua, achilia. Kifua kilipanda vibaya, upande mmoja tu. Dirishani sauti ya karani iliingia: mia mbili na tatu, mia mbili na nne. "Janefer?"

"Niko," Janefer aliitika.

Kamua, achilia. Vidole vilianza kufa ganzi. Damu ya shingo yake ilidondoka kwa shati la mzee.

Baadaye Bosire aliingia. Bosire alikuwa mtu wa stoo. Sasa alikuwa amevaa tai.

"Matokeo yametoka, madam. Mia nne kumi na mbili, kwa sufuri."

"Sufuri?" Marcella alidakia. "Na huyu?"

"Karani alifika kwake akapata hajasimama." Bosire alinyoosha karatasi yake ya makabidhiano. "Mimi ndio kaimu mkurugenzi. Madam, wewe si mfanyakazi hapa tena. Hufai kugusa mgonjwa."

"Njoo ushike wewe, niachilie."

Bosire aliangalia kile kifuko. Akaangalia damu. Akaangalia mikono yake misafi.

"Weka sahihi kwanza," alisema.

Hakukuwa na meza. Akalaza karatasi juu ya kifua cha Kipkosgei, kalamu juu yake, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Moureen alikamua, karatasi ikapanda. Akaachilia, ikashuka.