Maji Baridi ya Bosi

Mkwe wangu aliutaka umeneja kama mgonjwa anavyoutaka uzima. Meneja wa kitengo chao cha ununuzi alikuwa anastaafu, kiti kinabaki wazi, na wa kumkalisha mtu pale ni Bosi peke yake. Kwa hiyo Bosi aliposema ofisini kwamba anakwenda likizo wiki tatu na hana wa kumwachia samaki wake, mkwe wangu alinyoosha mkono kabla sentensi haijafika mwisho. Hata hakuuliza samaki gani.

Walikuwa samaki wa baharini, wazima, ndani ya tangi la vioo refu kama kochi la watu wawili. Wanaume wanne waliliingiza kwa jasho na matusi ya chini chini, wakaliweka sebuleni mahali pa televisheni. Televisheni ikahamia chini ya meza, ikatazama ukuta. Samaki wenyewe watatu tu: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa buluu, mnene, mwenye uso wa mtu anayesubiri kupigiwa saluti. Huyo nikamwita Mheshimiwa.

"Mama," mkwe wangu akaniambia, mikono kifuani, "Bosi akirudi akawakuta hai, kazi ni yangu. Wakifa, na mimi nimekufa."

"Sasa baba, si ungeomba tu hiyo kazi?"

"Nimeshaomba, mama. Huu ndio usaili wenyewe."

Bosi alikuwa ameacha karatasi ya maelekezo kwa mkono wake. Mkwe wangu aliibandika ukutani, juu kidogo ya picha ya harusi yake. Ilisema joto la maji lisipite ishirini na saba. Likipita, elekeza feni juu ya maji. Feni itayakausha, yakipungua, ongeza maji baridi tu.

Ulikuwa ule mwezi ambao jua linachomoza likiwa limeshakasirika. Siku ya pili kipimajoto cha tangi kikasoma thelathini, na mkwe wangu akasoma kifo chake. Nyumba nzima ilikuwa na feni moja, nayo ilikuwa chumbani kwangu. Akabisha hodi kwa adabu zake zote.

"Mama, samahani sana. Naomba feni."

"Na mimi?"

"Wewe mama joto umeshalizoea."

Ndipo nilipojua kwamba uzee ni aina ya kiyoyozi.

Feni ikafungwa juu ya tangi, Mheshimiwa akapepewa usiku na mchana. Mapazia yakashushwa jua lisiingie, tukawa tunapapasana mchana kweupe kama tumekatiwa umeme. Jikoni, kwa kuwa kunapakana ukuta na sebule, kukapigwa marufuku kuwasha moto kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua lizame. Kisha ikaja zamu ya friza. Mkwe wangu alitaka kugandisha chupa za maji, azitumbukize tangini joto likipanda, na friza ilikuwa imejaa. Akaanza kutoa vitu.

"Ngoja nielewe," binti yangu akasema, kiuno amekishika. "Samaki wa kula wanatolewa ili samaki wa kutazama wapate barafu?"

"Ni kwa muda tu, mke wangu."

"Na hawa nifanye nao nini?"

"Tuwale."

Tukawala. Siku tatu mfululizo tulikaanga alfajiri na kula wamepoa, tena palepale sebuleni, mbele ya jamaa zao. Mheshimiwa alikuja mpaka kwenye kioo akatutazama tunavyotoa miba. Sikuyapenda macho yake.

Feni ilifanya kazi, sitasema uongo. Joto lilishuka, na maji nayo yakashuka, vidole viwili kila siku. Hapo mkwe wangu ndipo alipoonyesha usomi wake. Kila jioni alichota maji kwenye ndoo, akakoroga chumvi ya samaki aliyoachiwa, akaiingiza ndoo nzima kwenye friji. Maziwa yakakaa nje yakaganda kwa hasira. Asubuhi, kabla ya kufunga tai, alimimina tangini yale maji yanayouma vidole.

"Bosi kaandika baridi," alisema, "nami nawapa baridi."

"Na chumvi?"

"Mama, hao ni wa baharini. Unataka niwape maji ya kunywa?"

Nikajifanya hamnazo. Mtu mwenye shahada mbili akikueleza jambo na tai shingoni, unamwacha amalize.

Baada ya siku kumi na mbili wale wawili wa chungwa walijibanza nyuma ya jiwe wakawa hawatoki. Chakula kikielea, kinaelea. Mheshimiwa alilala upande kwenye mchanga, anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa ya tano. Zilikuwa zimebaki siku tisa Bosi arudi. Mkwe wangu alirudi kutoka kazini, akapiga magoti mbele ya tangi na suruali yake ya ofisini, akaangalia kipimajoto: ishirini na sita. Safi kabisa.

"Joto zuri, maji baridi nawapa, sasa wanataka nini?" Sauti ilikuwa inamkatika. "Nimefika miaka arobaini na miwili, mama. Nimepitwa mara tatu. Safari hii nikipitwa, basi tena."

Nilimhurumia, kweli. Dakika nzima. Kisha nikaona ukingo wa tangi ulivyopiga ukoko mweupe, kama mdomo wa mtu aliyeamka bila kunawa. Nikachovya kidole, nikalamba.

"Mama!"

"Nyamaza nionje." Nimepika mchuzi miaka hamsini, chumvi hainidanganyi. Maji ya bahari nayajua, nimeyameza bila kupenda zaidi ya mara moja. Hii ilikuwa bahari iliyobandikwa jikoni ikasahauliwa. "Baba, sufuria ya maharage ikikaukiwa, unaongeza nini?"

"Si wakati wa mizaha, mama."

"Jibu. Maji au chumvi?"

"Maji."

"Kwa nini si chumvi?"

"Kwa sababu chumvi haitoki na mvuke, inabaki humo humo ndani ya…" Akakwama hapo, mdomo wazi, akafanana na wale wa tangini. Lakini msomi haanguki kirahisi. "Sufuria ni sufuria! Bosi kaandika maji baridi. Soma pale!"

"Nimesoma. Maji baridi ndiyo nini?"

"Maji ya friji! Baridi inatoka wapi kwingine?"

"Darasa la nne tulifundishwa kuna samaki wa maji chumvi na samaki wa maji baridi. Wa maji baridi ni wa mitoni na maziwani. Mwalimu hakutuambia kwamba wanakaa kwenye friji."

Binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mkwe wangu akachukua simu, akaingia nayo bafuni, akafunga mlango. Tulisikia kimya cha mtu anayesoma. Alitoka amenawa uso.

"Nimefanya utafiti," akatutangazia. "Kumbe maji baridi maana yake ni maji yasiyo na chumvi."

"Alaa!" nikasema. "Umetuokoa, baba."

Alitaka kumimina ndoo nzima papo hapo. Nikamzuia, aliyelishwa chumvi wiki mbili humgeuzi kwa dakika mbili. Maji ya bomba tuliyaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake, harufu ya dawa itoke. Kisha kazi ikawa kuchota jagi la maji ya tangi na kurudisha jagi la maji matupu, moja saa tatu asubuhi, moja saa sita, moja saa tisa. Saa zote hizo mkwe wangu yuko ofisini, kwa hiyo utafiti ulikuwa wake na jagi lilikuwa langu. Siku ya nne wale wa chungwa walichungulia. Siku ya sita Mheshimiwa alikula, akanigeuzia mgongo bila asante, nikajua amepona.

Bosi alikuja Jumamosi mchana, ameiva kwa jua la likizo. Mkwe wangu alikuwa amevaa viatu vya kung'aa ndani ya sebule yake mwenyewe.

"Kijana wangu!" Bosi akasema, pua kwenye kioo. "Mimi mwenyewe walinifia wanane mwaka jana. Siri yako nini?"

"Maji baridi, Bosi," mkwe wangu akajibu bila kupepesa macho. "Watu wengi huwa hawaelewi."

Nikakohoa. Binti yangu akanifinya paja.

"Nimefurahi sana. Halafu, ile nafasi ya umeneja…" Mkwe wangu akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. "Mpwa wa mke wangu anaripoti Jumatatu. Barua yake niliisaini kabla sijasafiri, nikasahau kuwaambia. Bado mtoto mtoto, utamwelekeza. Nimeona una subira."

Feni ikanguruma.

"Na hawa samaki baki nao tu. Mke wangu kachoka na kelele za pampu. Nitakuwa napita kuwaangalia."

"Asante sana, Bosi," mkwe wangu akasema.

Alisema! Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Akamsindikiza mpaka nje, akamfungulia mlango wa gari, akaufunga taratibu kama ndani kuna mtoto amelala. Bosi akapiga honi mara moja, akaondoka. Mkwe wangu akapunga mkono. Gari likafika kona, likakata, vumbi likatulia. Yeye bado anapunga.

Binti yangu alikuwa amefunua pazia. "Mama, anampungia nani sasa?"

"Mwache," nikamwambia. "Mkono bado haujapata taarifa."