Kila Mtu na Salamu Yake

Mtaala wa dini za dunia kwa kidato cha kwanza ni wiki kumi na mbili: nne za Uhindu, nne za Ukristo, nne za Uislamu. Uhindu niliumaliza kwa wakati. Ukristo niliumaliza, na zamu ya Uislamu ilipofika nikarudia Ukristo wiki nzima, hadi wanafunzi wakaanza kutazamana. Keshwar, ambaye mdomo wake haujui likizo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani Yesu anazaliwa tena?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, ila sikuwa na raha. Kila dini lazima imalizikie kwenye ziara, ndivyo alivyotaka mkuu wa shule. Hekaluni tulishakwenda, kanisani tulishakwenda. Ulibaki msikiti. Na msikiti wa kijiji chetu hapa pwani ya Corentyne una imamu mmoja tu, naye ni kaka yangu Nazim, ambaye hajaitikia salamu yangu tangu mwaka nilioolewa. Miaka kumi na tisa.

Niliolewa na Ramdehol, mwendesha pampu ya maji ya mashamba ya mpunga, Mhindu. Mama yake alitaka harusi ya chini ya mianzi, kwa desturi yao. Mama mwenyewe alikuwa mgonjwa, na mimi sigombani na mgonjwa. Nikakaa chini ya mianzi saa tatu nzima, moshi wa moto wa ibada ukiniingia machoni, basi, ikaisha. Dini yangu sikuibadilisha. Ramdehol ndiye aliyekuwa akiniamsha nile daku, kisha yeye anageukia ukuta na kukoroma. Lakini nyumbani kwetu hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza. Baba alipofariki nilisimama getini nikasema, "Assalamu alaikum." Kaka yangu akanipa mgongo, akaanza kupanga viti. Viti vyenyewe vilikuwa vimeshapangwa.

Ramdehol naye ameondoka, mwaka wa nne huu, na mtoto hatukujaliwa. Naswali peke yangu sebuleni, nafuturu peke yangu mezani. Kwa Wahindu mimi ni mke wa marehemu, kwa Waislamu mimi ni yule aliyetoka. Nina upweke, na sioni haya kuusema. Kuna siku napiga chafya na kujiombea rehema mwenyewe.

Basi somo la kwanza la Uislamu nikalifanya la salamu. Thelathini na mmoja wakaimba pamoja, na Keshwar akawa anatoa kitu kama "salamaleku". Feroza, ambaye jioni anasoma madrasa kwa kaka yangu na ana dharau za mtu anayejua, akamgeukia.

"Alaikum! Unasalimia watu, hufukuzi kuku."

"Na wewe unajifanya umezaliwa Maka," Keshwar akajibu. "Umezaliwa pale nyuma ya duka la mbolea, mama yangu alikuwepo."

Niliwazoeza siku tatu mfululizo. Mkuu wa shule akanisifu kwa bidii yangu, na mimi nikapokea sifa nisizostahili. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hesabu yangu. Watoto wote wakitoa salamu kwa pamoja, na mimi nimo katikati yao, kaka hatakuwa na pa kukimbilia. Ataitikia, na itikio lake litatuenea sote. Langu nitalichukua humo humo. Mwalimu mzima wa miaka ishirini na mbili kazini, napanga kuiba salamu nyuma ya migongo ya watoto! Nilijiona kituko, lakini niliitaka salamu ile, niliitaka sana.

Jumatano ya wiki ya mwisho, saa nne asubuhi, tukavuka daraja la mfereji, tukavua viatu mbele ya msikiti. Ni wa mbao, na rangi yake ya kijani inabambuka upande wa baharini. Kaka alikuwa amesimama ndani. Huwa namwona kwa mbali barabarani, akipita na baiskeli. Kwa karibu ndevu zake zilikuwa nyeupe zote, na mguu wa kulia ulikuwa haukunjiki vizuri. Kaka yangu alikuwa amezeeka na sikuwepo.

"Assalamu alaikum!" watoto wakapiga kelele, na njiwa wa darini wakatimka.

Nilifungua mdomo pamoja nao. Sauti haikutoka.

"Waalaikumu salaam," akasema kaka, akiwatazama wao. Basi lile lilikuwa lao. Mimi sikuwa nimetoa chochote, kwa hiyo sikuwa na changu cha kupokea. Nilitamani kujizaba kofi.

Aliwaonyesha kibla, akawaonyesha mahali pa kutawadhia, akawaruhusu waguse juzuu kuukuu aliyosomea yeye utotoni. Mimi pia niliisomea ile, lakini hilo hakulisema. Nilikaa nyuma karibu na mlango na madaftari mapajani. Maswali yalipofunguliwa, Odessa, binti wa mchungaji, akawa wa kwanza.

"Imamu, mtu akikusalimia ni lazima umwitikie?"

"Kuanza ni hiari, binti yangu. Kuitikia ni lazima."

"Hata kama umemnunia?"

"Hata kama."

Hapo Feroza akaona nafasi yake ya kung'ara. "Na kununiana mwisho wake siku tatu! Si ndiyo, maulana? Ulituandikia ubaoni."

Kaka akatazama mkeka, akaondoa uzi uliokuwa umechomoza pembeni, akauviringisha kidoleni.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Siku tatu."

Hakunitazama. Watoto hawakuelewa kitu, ila mimi masikio yalikuwa yanawaka. Keshwar, ambaye hapendi kimya, ndiye aliyetuokoa.

"Na sisi Wahindu, imamu? Unatupa salamu gani?"

Kaka akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Wewe nakwambia Sita Ram, kama bibi yako anavyotaka aambiwe. Huyu binti wa mchungaji namwambia Mungu akubariki. Hapa kwetu kila mtu na salamu yake. Siwezi kukuvika kofia yangu kwa nguvu halafu niseme nimekuheshimu."

"Mwambie na bibi," Keshwar akasema. "Anasema wewe ni mkali."

"Bibi yako na yeye ni mkali."

Muda ukaisha. Watoto wakatoka kugombania viatu nje, na mimi nikabaki nikipanga madaftari. Nikasikia mguu ule mbovu ukija juu ya mkeka. Kaka akasimama hatua mbili mbele yangu. Akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa, na kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu tukiwa watoto, akasema:

"Sita Ram, dada yangu."

Hakuwa ananikejeli, namjua. Miaka yote hii aliamini nimehama, na sasa alikuwa amejikaza kuja kunisalimia huko alikodhani nimehamia. Jibu lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: kaka, mimi ni Mwislamu, sijaacha hata siku moja. Lakini uso wake ulikuwa unangoja, una hofu. Ningesema hivyo, ningekuwa nimemwambia pia kwamba alinifungia mlango bure, na kwamba baba alizikwa bila mimi bure. Na nitasema lililobaki: niliogopa kwamba Mwislamu aliyekaa chini ya mianzi angemkasirisha upya, na Mhindu asingemkasirisha.

Nikaunganisha viganja vyangu. "Sita Ram, kaka."

Akatabasamu, akashusha pumzi ndefu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Nje Feroza alikuwa anaita, mwalimu, Keshwar kavaa kiatu changu.

"Usipotee tena," kaka akasema. "Siku ya Idi wifi yako atakuletea tambi." Kisha akasita, akakuna ndevu, kama mtu anayechagua maneno asije akamuudhi mgeni. "Tambi mnakula, nyinyi?"

Nikamwambia ndiyo, tunakula.