Mlinzi wa Tone Moja

Mama Marthe wa Baraka alipika sombe ya majani ya muhogo tamu mpaka mamba, inasemekana, walitoka ziwani wakajipanga nyuma ya jiko kungoja ukoko. Kwa hiyo Florentine, mke wa mwanawe, alipoonja tonge la kwanza mchana ule na kukuta ladha ya mafuta ya ajabu, alilitema kiganjani kimyakimya.

Alikuwa bado ndani na mtoto wake mchanga, Bonaventure, mlango umefungwa kuzuia upepo na macho ya watu. Mzazi wa namna hiyo hula anachopikiwa na mama mkwe. Kurudisha sahani ni kumtukana mpishi, na shangazi wa mumewe walioko Mboko watakuwa na habari kabla jua halijazama.

Akatupia jicho chupa ndogo iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa vitamini D, ambayo mtaa mzima uliiita dawa ya mifupa. Munganga Georgette wa zahanati aliitoa kwa kuwa mtoto haoni jua: tone moja kwa siku, kinywani mwa mtoto, basi. Alionya kwamba dawa hii haitoki mwilini upesi. Ikizidi, mtoto hutapika, hufunga choo, hukataa ziwa la mama. Jana chupa ilikuwa karibu kujaa; sasa ilikuwa imebaki nusu.

"Mama," Florentine alisema polepole, "mu sombe mulitia nini leo?"

"Akili!" Marthe alijipiga kifua. "Mutoto ananyonya kwako. Mi nakutilia weye, yeye anapata mifupa mara mbili. Mujukuu wa jirani Anastasie anakaa mwenyewe, wetu analala tu sawa kikwembe."

"Ule wa Anastasie iko na miezi saba, mama!"

"Basi wetu amushinde mbele ya Pasaka."

"Mulianza lini kutia?"

"Leo tu. Jana nilitaka, lakini Anastasie alinishika na maneno yake."

Florentine akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza maishani alishukuru umbea wa Anastasie.

"Mama, munganga alisema ikizidi inaharibu mutoto. Mi nikikunywa mingi, inapita mu maziwa, halafu na tone yake juu. Na mi usingizi unanishinda, siwezi kuchunga chupa. Muichunge nyinyi. Nyinyi tu mutamutilia tone moja asubuhi. Muntu mwingine asiiguse. Hata mimi."

Marthe akamtazama mjukuu, akaitazama sahani. Kisha akaibeba mwenyewe, akaimwaga nje. Kuku walioidonoa, wanasema watu wa Lweba, walitaga mayai yaliyohitaji shoka.

Kesho yake Georgette alikuja. Akamkagua mtoto tumbo na ulimi, akamkuta mzima, ananyonya kwa pupa.

"Mama mwenyewe ale samaki," alisema, "na asubuhi mufungue mulango, jua lingie kidogo. Tone ni ile ile moja. Sasa nione chupa."

Marthe akaichomoa katikati ya mafundo ya kikwembe alichojifunga, akaiinua juu kama padri anavyoinua kikombe. Georgette akanyoosha mkono.

"Eeeh! Angalia na macho, munganga! Mikono nyuma!"

Na munganga, aliyekuwa akiwafokea wanaume wazima kwenye foleni, akaweka mikono nyuma. Florentine alicheka mpaka Bonaventure akaachia ziwa, akalia kwa hasira, akalitafuta tena.