Waya Uliowekwa Dirishani

Loretta Wasylyk alipofungua mlango wa fleti yake, harufu ya plastiki inayoungua ilimpiga usoni. Hakuvua hata koti lenye theluji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha la kioo la Dolores, chatu wake mzee wa aina ndogo, akakuta kibamba cha umeme cha kupashia joto kimepata moto kupita kiasi, na kioo juu yake hakishikiki. Dolores alikuwa amejibana upande usiopashwa, nusu mwili ndani ya bakuli la maji, tumbo limebabuka.

Angalau upande huo ulikuwapo. Anayejua kufuga nyoka hapashi kasha zima. Humwachia mnyama pa kukimbilia. Wapangaji wa jengo lile hawakuwahi kuachiwa pa kukimbilia.

Alichomoa plagi, akautafuta ule waya mwembamba unaopima joto ndani ya kasha na kukiamuru kidhibiti cha joto kikizime kibamba. Haukuwa mahali pake. Ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa kwenye kizingiti cha dirisha, penye barafu. Kidhibiti kiliamini Dolores anaganda, kikazidi kuchochea.

Mwenye ufunguo mwingine alikuwa mmoja tu: Garth Penner, msimamizi wa jengo. Garth huyuhuyu aliyepunguza moto wa boila, mtambo wa kupasha jengo joto, mwaka ule nimonia ilipomchukua mzee Aubin wa ghorofa ya chini, kisha akaja mazishini na maua. Wengine walisahau. Loretta hakusahau. Tangu awaongoze wapangaji kugoma, Garth alikuwa akitafuta kisingizio cha kumtoa jengoni, hata mji mzima wa Winnipeg akiweza.

Mlango ukagongwa. Garth aliingia bila kukaribishwa, nyuma yake mkaguzi wa zimamoto, mama mnene aitwaye Beaulieu.

"Unasikia harufu, mama? Si nilikwambia? Huyu atatuchoma wote kwa ajili ya nyoka!"

"Uliingia humu leo, Garth?" Loretta aliuliza.

"Kukagua. Ni kazi yangu. Tena nimekupangia hayo mawaya yako yanayoning'inia kama matumbo. Ungesema asante."

"Waya upi?"

"Huo hapo dirishani. Nimeukunja vizuri kuliko unavyokunja nguo zako."

"Mwambie mkaguzi tena. Nani aliuweka hapo?"

"Mimi! Umekuwa kiziwi?"

Loretta akarudisha plagi. Taa nyekundu ya kidhibiti, ya kuonyesha kibamba kinapashwa, ikawaka. Akaufumbata waya kiganjani mpaka ukapata joto, taa ikazimika. Akaurudisha kwenye barafu, ikawaka. Akachomoa plagi.

Beaulieu akagusa kioo, akauvuta mkono haraka. "Wewe ndiye uliyekiwasha hiki, bwana."

"Sikujua ni—"

"Weka mkono na wewe," Loretta alimwambia.

Garth akaitia mikono mifukoni. "Mimi si nyoka."

"Na mzee Aubin hakuwa nyoka. Ulimpima kwa waya gani?"

Garth akageukia mlango. Beaulieu alikuwa amesimama hapo hapo, bado amevaa glavu ya mkono mmoja, pumzi yake ikitoka mvuke kwa baridi ndani ya fleti ya mtu.

"Sioni sababu ya kumwondolea mama huyu kasha la nyoka wake," alisema. "Lakini humu kuna baridi ya kuua. Boila iko wapi?"

"Hukuitiwa boila!"

"Basi nimejiita."

Loretta akamfunga Dolores kwa taulo safi lililoloweshwa, akamtia kifuani, ndani ya koti, tayari kwa daktari wa mifugo.

"Nifuate, mama, boila iko njiani kwangu. Garth, toa ufunguo wa chumba chake."