Kibao cha Mwanamke Mbaya

Redio ilipotangaza kwamba Lionel Garforth amefariki dunia, Bi Hester Crake alikuwa jikoni akikaanga mayai ya wageni. Alizima jiko, akasimama na mwiko mkononi, akasema peke yake, "Kwa hiyo sasa hatakuja tena kuniomba radhi." Halafu akawasha jiko, maana mayai hayajui habari za msiba na mgeni wa chumba cha juu alikuwa ameshaanza kugonga meza kwa kijiko.

Mji mzima wa Thornsea ulimlilia Lionel kana kwamba kila mmoja alimnyonyesha. Kinyozi alisema ndiye aliyemnyoa ndevu za kwanza. Muuza samaki na chipsi alisema Lionel aliuandika mchezo wake wa kwanza kwenye karatasi za kufungia chipsi, dukani kwake. Ukweli ni kwamba kabla hajawa mtunzi mkubwa wa michezo ya kuigiza, kabla hajapewa heshima ya kuitwa Sir, Lionel aliishi kwenye mji huu mdogo wa pwani msimu mmoja wa baridi. Alikuwa akiigiza kwenye ukumbi ulio mwisho wa gati. Alipewa sehemu ndogo ndogo: polisi mlevi, maiti, na mara moja miguu ya nyuma ya farasi.

Kutokana na baridi hiyo ukazaliwa mchezo wake maarufu kuliko yote, *Funga Mlango Nyuma Yako*. Hakuna shule wala kanisa Uingereza ambalo halijawahi kuuigiza wakati wa Krismasi. Ndani yake yumo Mama Gribble, mwenye nyumba ya wageni, mwanamke aliyeshindikana. Anawafungia wageni nje tangu asubuhi mpaka jioni hata kama mvua inanyesha. Anaficha chumvi. Anapiga upatu wa shaba kila akisikia mtu anacheka ghorofani.

Kila mtu alijua kwamba Gribble alikuwa mtu wa kweli wa Thornsea. Ila hakuna aliyejua ni nani, kwa sababu Lionel alipanga nyumba mbili, zote za mtaa mmoja. Alianza kwa Bi Hester, akamalizia ng'ambo ya barabara kwa Bi Dulcie Pennock. Waandishi wa magazeti walipomuuliza, aliwasha kiko chake na kutabasamu.

Bi Hester alijua. Mwaka ule mchezo ulipoanza alipanda treni mpaka London, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mwigizaji, neno kwa neno, na ukumbi mzima unashika mbavu. Akaona ile siku aliyomfukuza kijana wa watu kwa sababu alianika soksi zake ndani ya oveni, juu ya nyama ya Jumapili. Yote yalikuwamo. Kasoro kitu kimoja. Lionel hakuandika kwamba baada ya kumfukuza, Hester alifungua dirisha akamrushia soksi kavu za mumewe, za sufu, zilizokunjwa vizuri. Hilo aliliacha. Kwenye mchezo mlango unafungwa kwa kishindo, watu wanapiga makofi, basi.

Alirudi nyumbani na uso unaowaka. Siku ya pili yake akabandua kanuni zote za wageni ukutani, akauficha upatu kwenye kabati la chini ya ngazi, na tangu hapo mlango wake haukufungwa tena mchana. Maji ya moto kwa kila mtu, mayai mawili badala ya moja. Wageni wakaanza kurudi kila kiangazi na kumwita malaika. Naye kila alipoitwa malaika alijisikia kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Akiulizwa habari za Gribble alijibu, "Sijui mimi, muulizeni Dulcie." Dulcie naye alijibu, "Muulizeni Hester." Miaka arobaini na zaidi ikapita hivyo, kwa amani.

Amani ikavunjwa na kibao. Baada ya mazishi, kamati ya mji ikatangaza itaweka kibao cha buluu cha kumbukumbu kwenye nyumba ya Gribble halisi, na kitazinduliwa na Bi Araminta Voss, mwigizaji mashuhuri aliyemwigiza Gribble miaka mingi kuliko mtu yeyote. Wiki hiyo hiyo Bi Hester akamkuta Dulcie kwenye foleni ya bucha, amepaka rangi ya mdomo.

"Nimeona niseme ukweli wangu kabla sijafa," Dulcie alikuwa akiwaambia watu. "Gribble ni mimi."

"Wewe?" Bi Hester akauliza.

"Mimi. Nilimtesa mtoto wa watu, Mungu anisamehe."

"Dulcie, wewe ulimpikia pai ya nyama kila Jumapili. Harufu ilikuwa inavuka barabara mpaka chumbani kwangu!"

"Ilikuwa pai mbaya," Dulcie akasema kwa unyenyekevu. "Ngumu kama tofali. Nilimpa makusudi."

Foleni ikacheka. Mwenye bucha akaacha kukata.

"Mwongo we! Hujawahi kumkaripia hata paka."

"Una wivu, shoga?"

"Wivu wa nini? Wa kuitwa jini?"

"Basi niachie ujini wangu."

Bi Hester akarudi nyumbani bila soseji alizozifuata. Akakaa jikoni bila kuvua koti. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa makaburini, jina lake limeanza kufutika kwa upepo wa chumvi. Duniani kitu kimoja tu kiliandikwa juu yake, nacho kilikuwa kibaya, na alikikimbia maisha yake yote. Sasa Dulcie anataka kuchukua hata ubaya wake.

Kesho yake akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, Bwana Osgood Pell, daktari wa meno mstaafu.

"Bwana Pell, yule mwanamke ni mimi."

"Mwanamke gani?"

"Gribble."

Bwana Pell akacheka mpaka akakohoa. "Bi Hester! Wewe uliyeniletea supu mwezi mzima nilipovunjika mguu? Usijisingizie, mama yangu."

"Nilikuwa mbaya sana zamani."

"Sawa, sawa," akasema, kama anavyomwambia mtu kwamba sindano haiumi. "Kamati itakula chakula cha mchana kwa kila mmoja wenu. Tutaona wenyewe."

Kwa Dulcie walienda kwanza. Dulcie alikuwa ameukariri mchezo wote. Aliwapa uji wa baridi, akaondoa chumvi mezani walipoinyooshea mkono, kisha akawatoa nje kwenye upepo na kuwaambia wasirudi mpaka saa kumi na moja jioni. Bwana Pell alitoka akitetemeka kwa furaha. "Safi kabisa!" alisikika akisema barabarani. "Umeona alivyonisukuma?"

Kwa upande wake, Bi Hester alikesha akijifunza kununa. Alipanga kabichi ya kuchemsha, ya baridi, na maneno makali matatu manne. Lakini Bwana Pell aliingia anakohoa, na soli yake ya kushoto ilikuwa imeachia. Kabla Bi Hester hajajua anafanya nini, viatu vya mwenyekiti vilikuwa mbele ya moto, na mwenyekiti mwenyewe amevaa ndara za marehemu Bwana Crake, mumewe. Kabichi nayo, sijui ilikuwaje, ilifika mezani ina moto na siagi juu.

"Nawachukia wote," Bi Hester akasema, akiwamiminia mchuzi.

"Asante, Bi Hester," Bwana Pell akajibu. "Naomba kiazi kingine."

Jibu lilikuja kwa simu jioni hiyo. Aliambiwa kibao kitawekwa kwa Dulcie, ila asisikitike, mji una heshima kubwa kwa wema wake.

Siku ya uzinduzi Bi Hester hakutoka. Tangu asubuhi alipiga magoti kwenye ukumbi wa mlangoni akiisugua sakafu kwa nta, kwa hasira, mpaka ukaweza kujitazama na kuona meno yako. Kisha akasimama nyuma ya pazia la dirisha.

Ng'ambo ya barabara watu walijaa. Bendi ya zimamoto ilikuwapo, na tarumbeta lao kubwa. Bi Araminta Voss alisimama amevaa koti la manyoya. Dulcie alisimama kwenye ngazi zake kwa gauni jeusi, shada la funguo kiunoni, mlango ameufunga nyuma yake kama Gribble afanyavyo. Bwana Pell akaanza hotuba. Alieleza maisha yote ya Lionel tangu kuzaliwa, na alikuwa bado hajamfikisha shuleni mvua iliposhuka.

Mvua ya Thornsea haitoki juu, inatoka pembeni, baharini, na inakupiga kofi. Kamba ikavutwa haraka, kibao kikaonekana, watu wakapiga makofi mawili na kuukimbilia mlango wa Dulcie.

"Fungua, Bi Dulcie!"

Dulcie akashika funguo za kiunoni, akajaribu mmoja, akajaribu wa pili. Uso ukambadilika. "Hizi za kuazima," akasema. "Za kikundi cha maigizo. Wangu uko mezani jikoni!"

Barabara nzima palikuwa na mlango mmoja uliozoeleka kuwa wazi. Bi Hester aliwaona wanakuja kama maji. Wakaingia wote isipokuwa Dulcie, wakiwa na tope la bustani yake kwenye viatu. Mmoja akakung'uta mwavuli kwenye karatasi ya ukuta. Mpiga tarumbeta akaliinamisha tarumbeta lake, na maji yakamwagika juu ya nta kwa mlio wa ng'ombe anayekojoa.

Bi Hester akafungua kabati la chini ya ngazi. Akatoa upatu. Akaupiga mara moja tu, na picha zikacheza ukutani.

"Simameni hapo hapo mlipo!" akapaza sauti, na sauti yenyewe aliitambua, ila hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. "Nani amewaambia hapa ni stesheni ya treni? Wewe wa zimamoto, umekuja kuzima moto kwenye zulia langu? Hilo bomba ni la kupigia muziki au la kufulia? Bwana Pell! Umeng'oa meno ya mji mzima bila kukosea jino, leo kufuta viatu ndiyo kazi ngumu? Na wewe bibi, huyo mnyama uliyemvaa anachuruzika. Ama umkamue, ama akalale uani!"

Bwana Pell alikuwa amebana matako kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

Bi Hester akainamisha macho, akatazama miguu yao, jozi kwa jozi, kuanzia ya Bwana Pell mpaka ya Bi Araminta mwenyewe. Sauti ikamshuka.

"Na viatu vimelowa," akasema. "Vueni. Wote. Mkifa kwa homa mtasema ni mimi. Soksi kavu ziko kwenye kapu."

Watu wakaanza kufungua kamba za viatu. Bi Araminta peke yake hakusogea. Ameziba mdomo kwa mkono.

"Miguu," akasema. "Ametazama miguu."

"Nani?" Bwana Pell akauliza, na kiatu kimoja mkononi.

"Huyu mama! Jamani, Lionel alikuwa ananisimamisha kwenye mazoezi, kila mara, pale pale. Ukishamtukana kijana, ananiambia, kabla hujaufunga mlango, mtazame miguu. Haimo kwenye kitabu, hakuiandika popote. Nikimuuliza naangalia nini, ananijibu: angalia tu, ndivyo ilivyokuwa. Nimetazama miguu ya wanaume jukwaani karibu nusu ya maisha yangu, na sijawahi kujua natafuta nini." Akamgeukia Bi Hester. "Mama, tunatafuta nini?"

Bi Hester aliona haya. Alikuwa hajui kama anafanya hivyo.

"Kama viatu vimelowa," akasema. "Vyake vilikuwa na matundu. Ungemwangalia wapi kwingine?"

"Halafu?"

"Halafu nilimrushia soksi dirishani. Nilidhani alisahau."

"Hakusahau," Bi Araminta akasema. "Kila usiku alikuwa anakaa pembeni ya jukwaa kuhakikisha nimetazama. Nisipotazama, ananinunia mpaka kesho."

Bi Hester akaweka upatu chini polepole, akajifuta macho kwa aproni, kisha akamkaripia mpiga tarumbeta kwa sababu alikuwa karibu.

Bwana Pell, miguu mitupu, aliomba bisibisi. Aliivuka barabara kwenye mvua, akakibandua kibao kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nacho chini ya koti. Bi Hester akamsimamia akikifunga kando ya mlango wake. Juu kidogo. Si huko, kushoto. Na vumbi hilo la tundu nani atalifagia?

Ndipo Dulcie alipotokea mlangoni. Nywele zimemshikamana usoni, rangi ya mdomo imefika kidevuni, funguo za kuazima bado zinalia kiunoni. Alikitazama kibao. Alimtazama Bi Hester.

"Nimefungiwa nje," Dulcie akasema kwa sauti ndogo.

"Naona."

"Fundi wa kufuli hapatikani mpaka Jumatatu."

Bi Hester akatazama chini. Viatu vya Dulcie vilikuwa vya harusi ya mpwa wake, vya kitambaa, na vilikuwa vimekwisha kabisa.

"Umechafua ukumbi wangu," akamwambia. "Umenidhulumu mbele ya bucha. Na ile pai yako ilikuwa tamu, mwongo mkubwa. Vua hivyo viatu, upite."

Dulcie akavivua, akaingia, akapokea soksi. Alipokuwa anavaa ya pili akainua kichwa.

"Hester," akasema, "wewe ni mwanamke mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona."

Bi Hester akanyoosha aproni yake.

"Asante, shoga," akasema, na akaenda kuongeza mayai.