Alhamisi Tuliyokalia Tuta

Mimi ni mpiga picha wa sherehe. Harusi, ubatizo, siku ya kuwatoa mababu kaburini na kuwavika upya: niite, nitakuja, mradi watu wasimame wima na wafunge midomo. Picha za kazi sipigi. Mtu akilima huinama, mtu aliyeinama haonekani uso, na picha isiyo na uso ni kuharibu wino tu. Nilimwambia hivyo Mama Tiana, tena kwa sauti ya juu, aliponifuata nyumbani Jumatano. Hakunisikiliza.

"Solofo, nyuso utapiga kwenye harusi zako. Mimi nataka Tiana aone majembe."

Tiana ni mwanawe wa pekee. Yuko mjini Antananarivo, ana kazi ya ofisini na nyumba ya vigae. Alikuwa amepiga simu kusema chumba cha mama kiko tayari na kwamba mavuno yakiisha anakuja kumchukua. Sababu alizitaja mbili: matuta ya majaruba ya mpunga yanabomoka, na mama yuko peke yake. Akataka jibu kabla ya Jumapili.

Majaruba ya Mama Tiana yanashuka ngazi kwa ngazi kutoka mlangoni kwake mpaka mtoni, na tangu alipofiwa na mume hajaacha hata moja kuwa pori. Alilia mbele yangu bila kuficha. "Nikienda huko nitakufa kwa kuchungulia dirishani," alisema. Machozi ya mama mtu mzima mimi siyawezi. Nikakubali kwenda, nikiwa nimenuna.

Shida ilikuwa siku. Lori la karoti huondoka kwenda mjini Ijumaa alfajiri, na dereva ndiye angebeba picha, maana Mama Tiana alitaka za karatasi, za kushikwa mkononi. Kwa hiyo ilibaki Alhamisi. Na Alhamisi, katika ukoo ule, ni mwiko ulioachwa na babu yao jembe kugusa udongo. Hulimi, huchimbi, hufukii hata shimo la panya, wala kwa mkono.

"Kwani lazima yaguse?" akauliza Rafaralahy, mdogo wa marehemu mumewe, mtu ambaye hata msibani hakosi la kusema. "Tutayanyanyua tu, yaning'inie. Babu hana ugomvi na jembe lililo hewani."

"Shemeji, we' una akili siku zingine," alisema Mama Tiana.

Basi Alhamisi mchana nikafika na kamera yangu. Nilichokikuta pale kwenye jaruba la tatu kilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Majirani wote wamekuja, na wote wamevaa nguo za kanisani. Wanaume wana makoti. Wanawake wamejitanda lamba nyeupe mabegani, zile shuka za heshima za kutolewa sandukuni kwa mwaka mara moja. Rafaralahy amefunga tai, na miguu mitupu imejaa tope.

"Mnatengeneza tuta au mnaoa?" niliwauliza.

"Picha inakwenda mjini," akajibu Mama Lalao, jirani wa ng'ambo ya mfereji. "Unataka mke wa Tiana anione na matambara? Atasema nini nyumbani kwao?"

Nikawapanga. Watu kumi na ushee juu ya tuta moja jembamba, kwa sababu Rafaralahy alikataa yeyote kuachwa nje ya picha. Majembe yetu marefu yakapanda juu, yakabaki hapo. "Juu zaidi, Mama Lalao! Unakaribia kumuudhi babu!" Mikono ilitetemeka, watu wakabana vicheko. Nikapiga tatu, na nakiri zilikuwa safi: migongo imenyooka, nyuso zote zinaonekana, matuta yanapendeza. Tiana angeziona na kunyamaza.

Nilipoinua mkono kupiga ya nne, tuta likatoa sauti ya kunyonya, likakatika.

Mvua ilikuwa imelilainisha wiki nzima, na sisi tukalipandia kama tunapanda jukwaa. Maji yakaanza kumwagika kwenda jaruba la chini, na pengo likawa linapanuka tukiliangalia. Mpunga ulikuwa unachanua. Ukikosa maji wakati huo, utavuna makapi. Kila mtu pale alijua hivyo, hata mimi ninayenunua mchele dukani.

Wakaleta mkeka, maji yakauchukua. Wakaleta mafungu ya nyasi, yakaenda na mkeka. Jirani mmoja akainua jembe akate udongo wa kuziba.

"Shusha!" Mama Tiana alipiga ukelele. "Leo Alhamisi!"

"Mpunga unakwenda, mama!"

"Na uende! Jembe lisiguse!"

Alitazama maji, akatazama mpunga wake, kisha akakusanya lamba yake nyeupe kiunoni, akashuka, akakaa kitako katikati ya pengo. Maji yakamgonga mgongoni, yakagawanyika.

"Kuketi hakujakatazwa," alisema, na meno yanagongana.

Hakuna aliyecheka kwanza. Halafu Rafaralahy akavua koti, akafikiri, akalivaa tena, akaketi kulia kwake, tai ikaelea. Mama Lalao akafuata. Wakashuka mmoja mmoja, wakabanana bega kwa bega, mistari miwili ya watu wazima waliovaa vizuri wamekalia tope, na maji yakapungua, yakabaki yanapenya upande wa kushoto wa Mama Tiana tu. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Walicheka mpaka wengine wakameza maji. Nikapiga picha moja. Hakuna aliyenyooka, hakuna aliyefunga mdomo, wala sikuwaambia.

"We' mpiga picha!" Rafaralahy akaniita. "Hayo makalio umepewa ya kazi gani?"

Nikatundika kamera kwenye mti, nikaenda kuziba kushoto. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata, na suruali ile ilikuwa ya harusi.

Tulikaa pale mpaka jua likazama. Chakula tulikilia humo humo, maana kwetu anayekuja kukusaidia kazi lazima ale kwako: wali, maharage na kuku, watoto wakitupitishia sahani juu ya vichwa, na maji ya moto yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali tukashushia. Mkia wa kuku, ambao ni wa mkubwa wa nyumba, Mama Tiana alimpa Rafaralahy kwa mkono wake.

"Leo nimeupata kwa jasho la makalio," akasema, na akaula polepole ili tuone.

Nilikuwa na furaha. Sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo. Jua lilipozama siku ya mwiko ikawa imekwisha, majembe yote yakashuka kwa pamoja, na pengo likazibwa kwa muda kabla giza halijaingia.

Nilipochapa picha usiku ule, Mama Tiana alikuja kuchagua. Nikamwekea mezani zile tatu nzuri. Akaziweka pembeni, akachukua ile ya pengo.

"Hiyo ndiyo itakayokuhamisha!" nilimwambia kwa ukali. "Tuta limebomoka, umelikalia mwenyewe! Unampa Tiana ushahidi?"

"Hizo zako ni nzuri, Solofo, ila ni za uongo. Akinichukua, anichukue kwa ukweli." Alikuwa anaogopa, niliona. "Peleka hii."

Niliipeleka kwa dereva nikinung'unika njia nzima.

Jumamosi tulikuwa kwenye tuta, safari hii kwa majembe ya kweli, tukilijenga upya. Simu ya Mama Tiana ikalia. Akaweka sauti kubwa, kwa sababu mikono ilikuwa na tope. Tiana alikuwa anacheka, akacheka sana, halafu akaacha.

"Mama," akasema, "kushoto kwako mbona maji yanapenya?"

"Watu waliisha, mwanangu. Hao unaowaona ndio wote."

"Baadaye alikaa Solofo," akaongeza mama.

"Solofo wa kamera?"

"Huyo huyo."

Tiana akavuta pumzi, tukaisikia sote. "Mwambie anipishe. Hapo ni pangu. Nakuja wiki ijayo kujenga, si kukuchukua."

Mama Tiana akamsogezea Rafaralahy ile simu. "Njoo, baba," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mzaha. "Tumechoka kukukalia pengo lako."