Daftari la Mbingu Inayosukuma

Nyumba yangu ya Makiso haikujua kufunga mlango. Anayepita anakula, anayekula anasema, na mimi Pétronille habari haikai tumboni. Ndiyo maana kosa hili ni langu.

Jumatano, Citoyen Bosongo, mkuu wa chama mtaani kwetu, alimletea mume wangu daftari aliloliandika mwenyewe. Mume wangu alifundisha fizikia. Nyumbani alikuwa Évariste; nje, tangu chama kikataze majina ya ubatizo na kutuita sote citoyen, yaani wananchi, alikuwa Citoyen Lifoko.

“Soma, professeur,” Bosongo alimwambia. “Wazungu walitudanganya eti dunia inavuta vitu. Hapana! Ni mbingu inasukuma. Jumamosi nataka karatasi yenye sahihi yako: hii iko théorie ya science. Nitaisoma mbele ya watu wote.”

Kufika Alhamisi mchana Évariste alikuwa amelisoma daftari mara tatu, kalamu hajaigusa.

“Papa, andika ndiyo, tumalize,” nilimwambia. “Mwalimu mwenzako alikataa kuimba nyimbo za chama kwenye mkutano. Mpaka leo mkewe anapeleka fufu gerezani, hajui anayekula ni mumewe au ni askari.”

“Siwezi, Pétro. Nadharia lazima iweze kupingwa. Iseme mapema: jambo fulani likitokea, basi nimekosea. Hii ya Bosongo, papai likianguka, mbingu imesukuma. Likibaki juu, mbingu imepumzika. Utaikamata wapi? Nikiisaini hii, darasani nitafundisha nini tena?”

Bon. Ijumaa asubuhi nilikuwa nachambua pondu, majani ya muhogo, na jirani yangu Kadidja, mtu wa Maniema, anayenishinda kwa maneno. Mdomo ukaniponyoka: “Évariste anasema kitu kisichoweza kupingwa si cha kweli!” Tukacheka. Tulicheka vizuri sana. Kisha akaenda sokoni na cheko lake.

Kabla ya saa sita jeep ikasimama mlangoni. Bosongo akaingia na vijana wawili wa chama. Wageni wangu wakaacha sahani, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Sikuwa nimewahi kuiona nyumba yangu tupu mchana.

“Citoyenne, chama chetu iko cha kweli?”

“Cha kweli, citoyen.”

“Donc, basi, kinaweza kupingwa?”

Évariste alisimama kando ya kabati. 

“Kupingwa?” Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. “Aka! Nani alisema hivyo? Ni kupimwa, citoyen. Nadharia lazima ipimwe.”

Hakucheka. “Tutamuuliza aliyesikia.”

Kijana mmoja akamleta Kadidja, amemshika mkono, kilemba kimemwangukia begani.

“Usimwangalie mwenzako,” Bosongo akamwambia. “Niangalie mimi. Weye ulisikia neno gani?”

Kadidja akakirudisha kilemba kichwani, taratibu. Nikainama kwenye gunia la mchele nyuma ya Bosongo, nikajaza kopo, nikalisawazisha kwa kiganja. Mchele ukamwagika sakafuni.

“Unafanya nini pale?” kijana akafoka.

“Ninapima muchele, mwanangu. Nisipopima, mkuu atakula nini?”

Kadidja akajibu: “Kupimwa, mukubwa. Alisema kupimwa.”

Bosongo akamgeukia Évariste. “Bon. Imepimwa?”

Akamsukumia kalamu na karatasi. Mume wangu akaivuta karatasi. Aliandika mstari mmoja. Niliusoma, nikataka kuila ile karatasi: *Mawazo haya hayajapimwa, bado si théorie.* Akatia sahihi.

Bosongo alisoma polepole. Nilihesabu pumzi zake.

“Bado,” alisema. “Bado haiko hapana.”

“Haiko hapana, citoyen,” Évariste akajibu.

Bosongo akaikunja karatasi, akatoka na vijana wake. Jeep ikawaka, lakini haikuondoka.

Kadidja aliketi chini kama gunia. “Lakini dada,” akaanza, “miye kweli nilisikia kupi—”

Nikamziba mdomo kwa mikono yote miwili, tukabaki hivyo, tukisikiliza injini.